Godoro la Nyasi za Kasha

Juzi mjukuu wangu anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini alikuja kwangu amevimba mashavu. Alinipa shikamoo ya nusu mdomo, akajitupa mkekani, akasema, "Bibi, hebu fikiria! Mzigo wa watu umezuiwa kwa sababu ya maboksi. Vitu vyenyewe vizima, havina hata mkwaruzo. Wanakataa maboksi!"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Akadhani namcheka yeye, akazidi kununa, ikabidi nimwekee chai ndipo atulie.

Basi na nyinyi wenzake, vijana wote mnaoagiza vitu ng'ambo na kugombana na watu wa mihuri, sogeeni. Mnadhani taabu ya vifungashio imeanza na nyinyi. Mimi nimefungua makasha Kariakoo tangu enzi za Mwingereza, kabla ya ile vita ya pili, na kuna siku kilichofungia vikombe kilitaka kuniharibia harusi yangu na kuwakatia riziki wanawake wenzangu watano. Vikombe vyenyewe vilikuwa vizima kabisa!

Mwajiri wetu alikuwa Bwana Awadhi, Mwarabu mfupi mwenye sauti ndefu, muuza vyombo. Duka lake lilikuwa hatua chache kutoka sokoni, na nyuma yake palikuwa na ua mpana wa mchanga. Makasha yaliteremshwa bandarini, yakavutwa kwa mikokoteni kupita Mnazi Mmoja, yakaingia uani kwetu. Mwanzoni alikuwa anawaachia hamali wayafungue. Lakini hamali akifungua kasha la vikombe ni kama anaua nyoka, anapiga mpaka kimya. Siku Bwana Awadhi alipookota mikono ya vikombe tupu, bila vikombe vyake, ndipo alipowatimua, akaajiri wanawake sita. Mimi nilikuwa wa mwisho kuajiriwa na wa kwanza kuropoka.

Mkubwa wetu aliitwa Bi. Chausiku. Mama yule alikuwa mnene, mpole, hakuwahi kukimbia kwa jambo lolote. Mvua ikinyesha alitembea, mbwa akibweka alitembea. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza nilichukua mtaimbo, nikauelekeza kwenye kifuniko, akanishika mkono.

"Umelisalimu?"

"Kasha, Bi. Chausiku?"

"Litikise kidogo, kisha usikilize. Likinyamaza, ni zima. Likisema cha, cha, cha, usiliguse. Mwite Bwana kwanza alisikie mwenyewe, maana ukishalifungua, aliyevunja ni wewe."

Andikeni hilo mahali. Limeniokoa mara nyingi kuliko hirizi. Akanifundisha pia kukigonga kikombe kwa ukucha: kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Akanifundisha kusoma alama ubavuni mwa kasha na kuzilinganisha na ankara kabla ya kung'oa hata msumari mmoja, ingawa yeye mwenyewe hakujua kusoma. Alizijua zile alama kwa sura, jinsi unavyowajua watoto wa jirani.

Na kasha halikutupwa, wanangu. Mnaona aibu leo kuokota boksi, sisi tuliligombania! Kwa desturi ya ua ule, kilichokuwa cha mwenye duka ni vyombo, na kilichobaki ni cha aliyefungua. Misumari tuliinyoosha kwa jiwe tukaiuza. Mbao zilikuwa milango. Mlango wa mama yangu, kule nyuma ya soko, ulikuwa na maandishi ya ng'ambo yaliyosimama miguu juu. Mgeni mmoja akamwuliza yanasema nini, Mama akajibu, "Yanasema piga hodi kwanza."

Nyasi ndizo zilizokuwa na thamani kuliko vyote. Vikombe vya Japani vililala ndani ya nyasi kavu, laini, nyembamba, za rangi ya siagi, zinanukia kama mchele uliotoka kupepetwa. Mwenye uwezo alijaza godoro lake sufi. Asiye nayo alijaza makumbi ya nazi, akaamka na mgongo wa chapa. Sisi wa makasha tulijaza nyasi za Japani, tukajiona mabibi wa Unguja.

Sasa serikali ikaleta sheria. Bwana Awadhi alitukusanya uani na karatasi mkononi, akatusomea akiwa ananyanyua nyusi kila mstari. Nyasi zozote zilizofungia bidhaa kutoka ng'ambo zisisambazwe. Huenda zina wadudu wa kula mazao, ama mbegu za magugu. Anayetaka kufungulia makasha dukani kwake apewe kibali, na nyasi zote zikae pamoja mpaka aje afisa wa kilimo, zichomwe mbele ya macho yake.

"Sikilizeni vizuri," akasema Bwana Awadhi. "Kikipotea kibali hiki, makasha yangu yatafunguliwa hukohuko bandarini, ndani ya ghala. Na huko hawaingizi mwanamke. Mimi nitauza vikombe kama kawaida. Nyinyi ndio mtakaokaa nyumbani."

Bi. Chausiku akatugeukia. "Mmesikia? Nyasi si zetu tena."

Nilisikia. Sitawadanganya kwamba sikusikia. Ila nilikuwa nimechumbiwa na Shomari, mvuta mkokoteni aliyetuletea makasha, na Mama alikuwa amenishonea foronya ya godoro. Kitambaa chake kilikuwa kizito, cha mistari ya buluu na nyeupe, alichokinunua kidogokidogo kwa kuuza vitumbua. Pindo zake alizishona mara mbili kwa mkono. Foronya ilikuwa tayari, imekunjwa, tupu. Niijaze makumbi? Mimi, mfungua makasha, niolewe juu ya makumbi!

Halafu nilikuwa nimemchunguza yule afisa. Watu walimwita Bwana Shamba, ingawa Kariakoo nzima hakukuwa na shamba hata la kupanda kitunguu. Alikuwa Mzungu mrefu, mwekundu shingoni. Mara mbili alizokuja alisimama mbali, leso puani, akatazama moshi, akatia sahihi, akaenda zake. Nikajiambia: huyu anataka moshi tu. Na moto haujui nyasi zimezaliwa wapi.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa la namna hiyo haliwezi kufanywa na mtu asiyeijua kazi. Mgeni wa kazi anaogopa kila kitu. Aliyeijua nusu ndiye anayejiona ameshamjua afisa.

Yalikuja makasha manne ya vikombe na mabakuli. Kwa siku nne nilikuwa naingia uani nikiwa mwembamba na kutoka mnene. Nyasi nilizifunga kiunoni, chini ya baibui, mafungu kwa mafungu. Bi. Chausiku akanitazama akatabasamu, "Tatu, uchumba umekukubali." Nikaitikia, "Alhamdulillahi," huku nyasi zinanichoma mbavu. Na alfajiri kabla ya kazi nilikwenda na mundu wangu Mnazi Mmoja, nikakata majani yaliyokauka, nikayaleta ndani ya gunia, nikayalundika pale pale zilipokuwa zile za kasha. Kwa mbali hata mimi mwenyewe nisingeona tofauti.

Godoro likajaa, likavimba, likawa zuri! Siku moja kabla ya harusi wanawake walilibeba kichwani kwa nyimbo na vigelegele mpaka nyumbani kwa Shomari, kule Gerezani. Likatandikwa kitandani, na shangazi yake akawekwa mlangoni alinde, maana kitanda cha bibi harusi hakiguswi na mtu.

Mchana wa siku ya harusi nilikuwa nimekaa chumbani kwa Mama, mikono imepakwa hina mbichi, nimeambiwa nisishike kitu wala nisicheke sana. Ndoa ilikuwa ifungwe saa kumi, baada ya Alasiri. Mara nikasikia kishindo nje, mtu anakimbia, na mtu huyo akaingia bila hodi. Alikuwa Bi. Chausiku! Bi. Chausiku, anakimbia! Kanga begani, jasho linamtiririka. 

"Tatu," akasema, anahema, "nyasi ziko wapi?"

"Nyasi gani?"

"Usinifanye mtoto. Bwana Shamba amekuja leo. Hakusimama mbali. Ameinama, ametia mkono kwenye lile lundo, ametoa kinyesi cha mbuzi. Amekiweka kiganjani, akamwuliza Bwana Awadhi, 'Hawa ni mbuzi wa Japani?'"

Mama, aliyekuwa anapepea mkaa kizingitini, akaacha kupepea.

"Amesema atarudi saa tisa," akaendelea Bi. Chausiku. "Nyasi zirudi ndani ya makasha. Yote manne yajae kama yalivyotoka melini, ndipo atakapoamini. Kibali amekichukua; yasipojaa anakichana. Tatu, mimi nina miaka saba ua ule. Hao wengine wana watoto. Nakuuliza mara ya mwisho."

Niliona aibu ambayo mpaka leo ninaionja. Nikasema, "Ziko kwenye godoro."

Hakunigombeza, akakaa chini. Afadhali angenigombeza.

Bibi harusi hatoki nje, mnajua. Lakini nilivaa baibui juu ya hina yangu na nikatoka, na Bi. Chausiku nyuma yangu, tukaenda Gerezani kwa miguu iliyosahau adabu zote. Shomari alikuwa kibarazani ananyolewa. Aliponiona akaruka, upande mmoja wa kidevu una povu.

"Tatu! Kuna msiba?"

"Nataka godoro langu."

"Umebadili nia?"

"Wewe bado nakutaka. Godoro ndilo silitaki."

Nikamweleza kwa maneno machache. Shomari alikuwa mtu wa kusema polepole, lakini alifikiri haraka. Aliingia ndani, akamkuta shangazi yake amejipanga mlangoni kama boma. Shangazi akasema kitanda hakiguswi. Shomari akasema, "Shangazi, kitanda sikigusi. Nagusa cha juu yake." Akalitoa godoro, akalitupa kwenye mkokoteni wake mwenyewe, akashika mikono ya mkokoteni, na tukaondoka mbio.

Oo, wanangu, mngeona! Bwana harusi kidevu nusu, anavuta godoro la harusi yake linarudi lilikotoka, na bibi harusi anasukuma kwa viwiko ili asiharibu hina. Watu walisimama kando. Muuza kahawa akaita, "Jamani, talaka imetangulia ndoa!" Mimi nilitaka ardhi ipasuke, na papo hapo nikahisi kucheka, na nikacheka, nikalia, vyote pamoja.

Tulifika uani karibu saa tisa. Bwana Awadhi alinitazama mara moja tu. "Umenivua nguo mbele ya serikali, Tatu," akasema, akageuka pembeni. Wenzangu wanne walikuwa wamekaa chini ya ukuta, hawakunisalimu. Bwana Shamba akaingia, saa yake mkononi. Nikamwamkia, nikasema kabla hajauliza: "Bwana, ni mimi. Si Bwana Awadhi, wala si hawa. Nyasi nilizichukua mimi, ziko humu."

Akalitazama godoro, akamtazama Shomari, akatazama povu. "Fungua," akasema.

Shomari akachana mshono kwa kisu. Nyasi zikamwagika, na pamoja nazo wakamwagika wadudu! Weusi, wadogo kama mbegu za mchicha, mamia, wakatapakaa mchangani, wakapanda miguuni mwetu. Joto la godoro lilikuwa limewaangua wote. Wanawake wakapiga kelele. Shomari akaanza kujipangusa magoti.

"Tatu," akaniambia taratibu, "hawa ndio tungelala nao leo?"

Bwana Shamba alichangamka kuliko bwana harusi. Alipiga magoti mchangani na suruali yake nyeupe, akatoa kichupa mfukoni, akawafukuza wadudu kwa kidole kama mtoto anayecheza. "Huyu mimi sijaona hapa bado! Huyu mimi sijaona!" alikuwa anasema. Akainua kichupa juani, akatuambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Huyu akifika mashambani, anakula mchele wote Rufiji. Wewe unakula nini tena?"

Mimi nilikulia kwenye wali wa Rufiji. Mpaka dakika ile nilidhani sheria ile ni kelele za ofisini. Nikatazama wale wadudu wanavyokimbilia ukutani, upande wa soko, kwenye magunia ya watu ya mchele na mahindi. Nikashika fagio kwa mikono yangu ya hina, nikaanza kuwazuia. Wenzangu wakainuka wakashika yao. Tulifagia kama tunazima moto.

Kisha tukaanza kujaza makasha. La kwanza likajaa. La pili likajaa. La tatu tukalijaza mpaka juu. La nne likafika nusu, nyasi zikaisha.

 Bwana Shamba akatoa kibali kwenye mkoba wake.

"Nyingine?" akauliza.

Sikuwa na nyingine. Naapa sikuwa na kumbukumbu ya hata unyasi mmoja. Nikasikia mwadhini anaanza kuadhini Alasiri, na wanaume wa ndoa yangu wanakusanyika msikitini bila bwana harusi, nikaona kazi ya watu sita inakwenda na karatasi ile moja.

Ndipo mlango wa ua ukasukumwa, akaingia Mama. Kichwani ana mito miwili, na wa tatu kwapani. Alikuwa ameijaza yeye mwenyewe kwa nyasi zilizosalia, kunishangaza, na mimi sikujua. Hakumsalimu mtu. Alichana mito kwa meno, mmoja baada ya mwingine, akamimina. Kasha la nne likajaa, likafura kama chungu cha wali.

Bi. Chausiku akapiga kigelegele peke yake. Bwana Shamba akainua mkono. "Bado. Nguo ya godoro pia. Mayai ya mdudu anakaa ndani ya mshono."

Nikamtazama Mama. Kitambaa kile kilikuwa vitumbua vya misimu mingapi, Mungu ndiye ajuaye. Nikafungua mdomo nimwombe Bwana Shamba tukichemshe. Mama akanitangulia. Aliikunja foronya vizuri, pindo juu ya pindo, kama anayeiweka sandukuni, akaiweka juu ya nyasi.

"Choma," akasema. "Godoro nimeshona moja, nitashona jingine. Kazi ya watu sita nitaishonea wapi?"

Moto ukawaka. Tulisimama wote tukautazama mpaka nyasi zikawa majivu, na sikuona mtu aliyeziba pua. Bwana Shamba akanisogelea, akaniambia, "Mikono." Nikainyoosha. Hina ilikuwa imekauka na nyasi ndani yake, zimenata kila upande. Akatoa kikoleo kidogo, akazing'oa moja moja, bila haraka, akazitupa motoni, mpaka ya mwisho. "Zote," akasema. Akakikunja kibali, akamrudishia Bwana Awadhi, akatoka na kichupa chake kama aliyebeba tunu.

Shomari alifunga ndoa yetu akiwa amechelewa, amenyolewa upande mmoja na ananuka moshi. Mikononi mwangu, kila ulipong'olewa unyasi, palibaki mstari mweupe katikati ya hina. Wageni wakauliza ni ua gani hili, la wapi, limechorwa na nani? Nikawajibu limetoka Japani. Baada ya mwezi mabibi harusi wawili wa Kariakoo walikuwa wanataka lilelile.

Fungate ilipokwisha nilirudi kazini. Kulikuwa na kasha linasubiri. Bi. Chausiku akanipa mtaimbo, halafu akauzuia kidogo kabla sijaupokea.

"Nani wa kuitwa kwanza?"

"Bwana Shamba."

"Haya. Lisalimu."

Nimefanya kazi ile miaka mingi, na tangu siku hiyo sikugusa msumari kabla ya kuijua sheria ya kilichofungia, si ya kilichofungiwa tu. Maana kikombe kinakwenda kwa mnunuzi mmoja. Nyasi zake zinakwenda kwa watu wote.

Mjukuu wangu alipomaliza chai alikuwa ameshaacha kununa. Akajifunga mtandio arudi bandarini kuyatazama vizuri yale maboksi. Mlangoni akageuka. "Lakini bibi, mlilalia nini?"

"Mkeka. Miezi mingi."

"Na mama yako hakuhuzunika kwa kitambaa chake?"

Alihuzunika. Nilimwona anaupapasa mkeka wetu kila alipokuja. Lakini alishona kingine, mistari ileile ya buluu na nyeupe, na sufi niliinunua mimi kwa kazi iliyosalia uani kwa Bwana Awadhi. Godoro lilichukua muda kujaa. Lilipojaa, aliyelilalia kwanza hakuwa mimi wala Shomari. Alikuwa mtoto wa siku tatu, mwekundu, analia kwa nguvu. Nikamwambia mjukuu wangu, "Mtoto huyo ndiye mama yako."